Chupa ya Bwana Booz na uongo nilioufundisha

Miezi kadhaa iliyopita, mpwa wangu anayefanya kazi ya kuwatunza wazee katika jimbo la New Jersey, Marekani, alinitumia picha ya chupa kwa simu. Ilikuwa chupa ya kioo cha samawati yenye umbo la nyumba ndogo: ina paa lililoinama pande mbili, ina mlango na madirisha, na shingo imechomoza juu ya paa mithili ya dohani. Maandishi yake hayakuwa ya karatasi bali yalikuwa yamefura kutoka kwenye kioo chenyewe: "E.G. Booz's Old Cabin Whiskey", anwani ya mtaa wa Walnut, Philadelphia, na mwaka 1840. "Mjomba," akaandika, "unamkumbuka huyu? Ni yule mzee wako wa kidato cha tatu. Nimempata sokoni Jumapili kwa dola 240 tu."

Nilimkumbuka vizuri mno. Miaka hiyo nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya kutwa, na siku hiyo nilikuwa nikieleza jinsi nomino za pekee zinavyogeuka kuwa nomino za kawaida. Mifano ya nyumbani haikunisumbua. Mkenya akienda dukani kuulizia "Kolgeti" huenda akaridhika na dawa yoyote ya meno, na mama anayekaangia mboga kwa "Kimbo" pengine mkebe wake una jina jingine kabisa. Kutoka ng'ambo nilikuwa na Charles Boycott, msimamizi wa mashamba aliyesusiwa na wapangaji kule Ireland mwaka 1880 hadi jina lake likawa kitenzi cha Kiingereza cha kususia. Halafu, ili darasa lichangamke, nikawaongezea Bwana Booz wa Philadelphia, muuza wiski ambaye chupa zake zilipendwa hata jina lake likawa neno la mtaani la pombe, "booze".

Darasa lilicheka. Neno lenyewe walilijua. Mpwa wangu, aliyekuwa dawati la nyuma, alicheka kuliko wote, na sasa, zaidi ya miaka 20 baadaye, alikuwa amekilipia kicheko hicho dola 240.

Kwa sababu habari ile ilikuwa ya uongo. Sikudanganya kwa kusudi. Niliisoma mahali, ikanikaa, nami sikuwahi kuichunguza. Tena haikuwa yangu peke yangu. Imesimuliwa sana huko Marekani kwenyewe, ikapita katika vitabu vya burudani, magazeti na vioski vya wauza vitu vya kale. Ina kila kitu ambacho hadithi ya asili ya neno huhitaji ili ipendwe: mtu mwenye jina, mji, mwaka, na kitu cha kushikwa kwa mkono. Ukiuliza ushahidi, unaonyeshwa chupa. Nani atabishana na chupa?

Hebu tubishane nayo.

Tuanze na mwaka. Chupa inasema 1840, kwa hivyo wengi hudhani ilitengenezwa mwaka huo. Lakini Edmund G. Booz, mfanyabiashara wa mvinyo na pombe kali, alikuwa na duka lake nambari 120 mtaa wa Walnut katika miaka ya 1860, na chupa zenyewe zilipulizwa katika miaka hiyohiyo kwenye kiwanda cha Whitney, mji wa Glassboro, ng'ambo ya mto Delaware. Mwaka uliochorwa ni wa zamani kuliko kioo kilichouchukua kwa takriban miongo miwili.

Basi 1840 ilifuata nini pale? Hapa historia ya siasa inaingia, nayo inachekesha kwa namna ambayo Mkenya ataitambua mara moja. Mwaka 1840 chama cha Whig kilimsimamisha Jenerali William Henry Harrison kugombea urais dhidi ya Martin Van Buren. Gazeti moja la wapinzani likamkejeli kwamba mzee huyo akipewa pipa la pombe ya matofaa na malipo ya uzeeni atakaa zake kwenye kibanda cha magogo, basi. Wanakampeni wake wakaidaka kejeli ile na kuifanya bendera. Vibanda vya magogo vikakokotwa barabarani kwa mikokoteni, pombe ya matofaa ikamiminwa bure mikutanoni, nyimbo zikatungwa, na Harrison akauzwa kwa wapiga kura kama mwana wa hasla. Kumbe alizaliwa katika jumba la familia tajiri yenye shamba kubwa huko Virginia! Alishinda. Aliapishwa Machi 1841 na akafa baada ya mwezi mmoja tu ofisini.

Kibanda cha magogo kikabaki katika mawazo ya watu kama alama ya uzalendo, ukweli na mambo ya zamani yaliyo mazuri. Miaka 20 baadaye mfanyabiashara anayetaka wiski yake ionekane imekomaa angefanya nini? Angeiita ya kibanda cha zamani, angeitia chupani yenye umbo la kibanda, na kuipiga mhuri wa mwaka ule. Hapo hapana kosa la kihistoria, ni biashara. Hata hivyo, angalieni kwamba kampeni yenyewe ilikuwa ya pombe ya matofaa, wala si wiski. Wanaosimulia kuwa chupa hii ilinyweshwa wapiga kura wa Harrison wamekosea mwaka na wamekosea kinywaji.

Sasa tuje kwenye neno, maana ndilo lililonileta hapa. Kama "booze" lilizaliwa na Booz, lisingepatikana mahali popote kabla yake. Lakini linapatikana, tena kwa wingi. Kitenzi cha kale cha Kiingereza chenye maana ya kunywa kupita kiasi kilitokana na neno la Kiholanzi cha Kati, "busen", na kilikuwa kikitumika katika karne za kati. Katika miaka ya 1560 Thomas Harman, Mwingereza aliyekusanya msamiati wa wazururaji na matapeli wa nchi yake, aliliorodhesha kwa tahajia ya "bowse", yaani kinywaji, pamoja na jina lao la kilabu cha pombe. Mshairi Edmund Spenser alilitumia umbo lake katika utenzi wake mkuu wa The Faerie Queene uliotoka mwaka 1590, alipomchora Ulafi akiwa na chombo chake cha kunywea mkononi.

Ushahidi ulioniumiza zaidi, lakini, unatoka Philadelphia kwenyewe. Mwaka 1737 Benjamin Franklin, aliyekuwa bado mpigachapa na mhariri kabla hajawa mwanasiasa wa kutajwa duniani, alichapisha katika gazeti lake la Pennsylvania Gazette orodha ya misemo zaidi ya 200 ambayo watu waliitumia kusema kwamba fulani amelewa. Kazi nzuri ya leksikografia ya mtaani, na natamani mtu aifanye kwa Kiswahili cha Kenya, kuanzia "ameangua" hadi yale yasiyochapishika hapa. Katika herufi ya B, Franklin ameliweka neno "boozy", na karibu nalo "bowz'd". Mji uleule, zaidi ya miaka 120 kabla ya duka la Bwana Booz kuuza chochote mtaa wa Walnut.

Kwa hivyo jina la Booz halikuzaa neno. Lililotokea ni sadfa: mtu mwenye jina linalofanana na neno la kale la ulevi alijikuta akiuza pombe. Nadhani sadfa hiyo ilimfaa sana kibiashara, na huenda chupa zake zililisaidia neno kutembea na kutulia katika tahajia tunayoijua. Kusaidia si kuzaa, lakini.

Kuna kosa la pili ndani ya hadithi hii ambalo halizungumzwi sana. Wasimulizi wengi humwita Booz mkenekaji wa wiski. Hakuwa. Alikuwa mwuzaji. Tofauti hiyo ni kubwa, na ili kuiona inabidi tuingie jikoni.

Wiski hutengenezwa kwa nafaka. Nafaka husagwa, huchanganywa na maji moto ili wanga wake ugeuke sukari, kisha hutiwa hamira na kuachwa ichache. Hapo unapata kitu kama busaa. Mkenekaji huchukua uchachu huo na kuuchemsha. Alkoholi huchemka katika nyuzi 78 hivi za Selsiasi ilhali maji husubiri hadi 100, kwa hiyo mvuke unaotangulia huwa umebeba alkoholi zaidi. Mvuke ukipitishwa katika bomba lililozungukwa na maji baridi hugeuka tena kioevu na kudondoka. Aliyewahi kupita kando ya mto wakati wa usiku huko kwetu magharibi haitaji kuchorewa mtambo huu. Toa sufuria kubwa ya shaba, weka pipa la bati. Hesabu ni ileile. Tofauti inakuja baadaye: wiski ya Marekani huwekwa ndani ya pipa la mwaloni lililochomwa kwa ndani, nayo humo huvuta rangi na ladha kwa miaka. Ikitoka mtamboni haina rangi, kama chang'aa tu.

Jina lenyewe la wiski ni la Kigaeli, lugha ya Waskoti na Waairishi, "uisge beatha", maana yake maji ya uhai. Lilitafsiriwa kutoka Kilatini cha watawa, na Waskoti wana rekodi ya serikali ya mwaka 1494 inayoonyesha mtawa mmoja, John Cor, akipewa kimea cha kutengenezea maji hayo. Wahamiaji wa Kiskoti na Kiairishi waliuvusha ujuzi huo hadi Pennsylvania, ambako nafaka iliyositawi zaidi ilikuwa rai, jamaa ya ngano. Wakulima waliokaa magharibi ya milima hawakuweza kubeba magunia ya rai hadi masoko ya pwani wakapata faida. Walichofanya ni kuipika wakabeba wiski, iliyo nyepesi kusafirisha na isiyooza. Ilikuwa zao, kinywaji na sarafu kwa pamoja.

Ndiyo maana mwaka 1791 Waziri wa Fedha Alexander Hamilton alipotoza ushuru wa pombe kali ili alipe madeni ya vita vya uhuru, wakulima hao waliona wametwangwa wao. Watoza ushuru walipakwa lami na manyoya. Julai 1794 nyumba ya mkaguzi John Neville iliteketezwa. Rais George Washington akakusanya wanamgambo wapatao 13,000, jeshi kubwa kwa nchi changa, na kuwaelekeza magharibi, naye mwenyewe akapanda farasi sehemu ya safari. Uasi ukayeyuka. Ushuru wenyewe ulifutwa mwaka 1802. Jambo lisilosemwa darasani ni kwamba Washington alipostaafu alifungua kiwanda cha wiski katika shamba lake la Mount Vernon mwaka 1797, kwa ushauri wa msimamizi wake Mskoti, James Anderson. Kilikuwa na mitambo mitano ya shaba, kikiendeshwa kwa jasho la watumwa, na mwaka 1799 kilitoa karibu galoni 11,000. Aliyewatumia askari wapika wiski alifariki akiwa mmoja wa wapikaji wakubwa zaidi nchini.

Sasa tunaweza kuiweka chupa ya Booz mahali pake. Katikati ya karne ya 19 mnunuzi wa kawaida wa wiski hakununua chupa. Wakenekaji waliuza kwa mapipa, wauzaji wa jumla wa mijini wakayanunua, na mteja akaja dukani au kilabuni na mtungi wake akapimiwa. Kati ya mtambo na mtungi kulikuwa na mikono mingi, na si yote ilikuwa misafi. Wapo waliochanganya wiski ya pipa moja na spiriti tupu, wakaipaka rangi, wakaongeza kitu cha kuiwasha koo, kisha wakaapa kwamba imekaa miaka minane. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, serikali ya shirikisho ilirudisha ushuru: senti 20 kwa galoni mwaka 1862, hadi dola 2 mwaka 1865. Kadiri ushuru ulivyopanda ndivyo magendo yalivyonona.

Katika soko kama hilo, jina lililoyeyushwa ndani ya kioo lilikuwa na thamani. Karatasi hubanduka, na mtu mwingine anaweza kubandika yake. Jina lililofura kwenye kioo linahitaji kalibu, na kalibu ni gharama ambayo tapeli wa leo-hapa-kesho-pale haiingii. Booz hakuwa akisema kuwa ameipika wiski hii. Alikuwa akisema: mimi ndiye niliyeiuza, na duka langu liko nambari 120. Ahadi ya namna hiyo ilikuja kuwa sheria mwaka 1897, Bunge la Marekani lilipopitisha kwamba wiski itakayopewa stempu ya serikali ni lazima itoke kwa mkenekaji mmoja na msimu mmoja, ikae angalau miaka 4 katika ghala linalosimamiwa na serikali, na iwe na alkoholi ya asilimia 50. Booz hakuwapo kuiona.

Wala tusidhani kwamba ahadi za kwenye chupa ni mambo ya Wamarekani wa kale. Sheria yetu ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 ilipoihalalisha chang'aa, iliyokuwa imepigwa marufuku miaka 30, ilitaka iuzwe katika chupa za kioo zenye onyo. Nia ilikuwa ileile ya kumpa mnywaji jina la kumfuata. Mei 2014, makumi ya watu walikufa Embu na kaunti nyingine baada ya kunywa pombe iliyotiwa sumu ya methanoli, na wengine wakapofuka. Walionunua walikuwa wameona lebo pia. Lebo za karatasi.

Nirudi Glassboro, kwa kuwa mji wenye jina la kioo hauwezi kuachwa hivihivi. Familia ya Stanger, mafundi wa asili ya Ujerumani, ilianzisha kiwanda pale mwaka 1779 kwa sababu kusini mwa New Jersey kuna mchanga mzuri wa kutengenezea kioo na, siku hizo, misitu ya kuni za kulisha tanuri. Chupa ya Booz ilitengenezwa kwa pumzi ya binadamu. Fundi alichota donge la kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba refu la chuma, akalitia ndani ya kalibu ya vipande viwili, akapuliza hadi kioo kikajaza kila pembe ya mlango, dirisha na herufi. Kisha chupa ilikatwa kutoka bombani na mdomo wake ukamaliziwa kwa mkono. Rangi iliyozoeleka ilikuwa ya kaharabu, ile hudhurungi yenye mng'ao wa asali. Paa lenye ncha kali lilikuwa shida kwa kioo, na zipo chupa ambazo ncha zake zimekatwa mshazari.

Waliosaidia mafundi hao walikuwa watoto. Kazi yao ilikuwa kufungua na kufunga kalibu na kukimbiza chupa za moto kwenye tanuri la kupozea. Mpigapicha Lewis Hine alizuru viwanda vya kioo vya New Jersey mwaka 1909 akawapiga picha wavulana wa umri wa shule ya msingi wakiwa kazini, wengine usiku. Kufikia wakati huo mashine ya Michael Owens, iliyoanza kupuliza chupa bila pumzi ya mtu mwaka 1903, ilikuwa tayari inaelekea kuifuta kazi yenyewe.

Kutoka hapo tunaruka hadi miaka ya 1930. Marufuku ya pombe ya Marekani, iliyodumu kuanzia 1920 hadi 1933, ilikuwa imegeuza chupa za wiski za kale kuwa vitu vya kutamaniwa. Kina Clevenger, ndugu watatu waliojua ufundi wa zamani, walikuwa na kiwanda kidogo katika mji wa Clayton, jirani kabisa na Glassboro. Wakaanza kupuliza nakala za chupa za kale, ile ya Booz ikiwa mojawapo, kwa rangi za kupendeza ambazo Booz mwenyewe pengine hakuziota: samawati, kijani, zambarau. Wengine wakafuata. Nakala hizo zimetengenezwa kwa miongo mingi, na leo ni nyingi kuliko chupa za asili kwa mbali sana.

Zinatofautishwaje? Wakusanyaji wana vigezo kadhaa, lakini kipo kimoja ambacho mwalimu wa lugha hawezi kukisahau akishakisikia. Kwenye chupa ya asili, baada ya neno "Whiskey", pana nukta. Kwenye nakala za kina Clevenger nukta hiyo hakuna. Nimesahihisha insha kwa zaidi ya robo karne nikizungushia wino mwekundu mahali palipokosa nukta, nikijua wazi kwamba wanafunzi waliniona mzee wa kelele za bure. Sikujua kuwa kuna mahali duniani ambapo nukta moja ina thamani ya maelfu ya dola.

Nilimpigia mpwa wangu. Ilikuwa usiku kwangu, mchana kwake, naye alikuwa kwenye mapumziko ya zamu. Nikamwomba aitazame chupa akifika nyumbani, aniambie kama kuna nukta baada ya neno la mwisho. Baadaye akatuma picha nyingine, karibu zaidi. Hapakuwa na nukta. Rangi ya samawati ilikuwa imeshaniambia, lakini nilitaka aione mwenyewe.

"Sawa, mjomba," akasema. "Angalau ile hadithi ya neno ni ya kweli."

Kimya changu kilimjibu. Nikamweleza kuhusu Harman na Franklin. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: ni wanafunzi wangapi waliokuwa darasani siku ile? Walikuwa 43. Huenda baadhi yao ni walimu sasa.

Kwetu Afrika Mashariki tuna za kwetu za aina hii, na zinatuhusu zaidi. Fungua magazeti ya kigeni yanapoandika kuhusu vifo vya pombe haramu nchini Kenya. Aghalabu utaambiwa kwamba jina "chang'aa" maana yake ni niue haraka. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili akilichambua neno hilo hatapata kiambishi cha nafsi, mzizi wa kuua, wala kielezi cha haraka. Niue haraka ni jina la utani walilolipa watu kinywaji chenyewe, si tafsiri ya neno. Lakini habari imeshapita kutoka gazeti moja hadi jingine, na siku moja mtoto wetu ataisoma kitabuni na kuirudisha nyumbani kama elimu.

Vivyo hivyo "waragi" ya Uganda. Wengi husema ni maneno mawili ya Kiingereza, la vita na la jini, yaliyounganishwa midomoni mwa askari. Inapendeza, kama ya Booz. Lakini askari Wanubi walioletwa Uganda mwishoni mwa karne ya 19 walitoka Sudan, ambako pombe kali inayokenekwa kwa tende inaitwa araki, na watu wengi hulitamka neno hilo aragi. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya jasho, kwa jinsi matone yanavyotoka kwenye mtambo kama jasho juu ya ngozi. Mimi naona njia ya Sudan ina uzito zaidi, kwa sauti na kwa historia pia. Anayeshikilia ile ya vita na atuonyeshe maandishi yaliyoitangulia.

Nimewatafuta baadhi ya wale 43 kupitia kundi la simu la wahitimu wa mwaka ule, nikawaandikia masahihisho. Wawili walijibu kuwa hawakumbuki. Mmoja, ambaye kweli ni mwalimu, alisema amekuwa akilitoa somo lilelile kila mwaka, pamoja na kicheko chake.

Chupa haikurudishwa, mwuzaji alisema hakuahidi chochote kuhusu umri wake, na hilo ni kweli, kwani mpwa wangu hakuuliza. Alipokuja likizo Desemba alimletea mama yake, ambaye ni dada yangu, na sasa imekaa juu ya kabati la vyombo. Kwa vijana wa mtaani chupa kubwa ya pombe kali inaitwa mzinga. Dada yangu hanywi pombe, wala jina hilo hajalisikia. Ametia humo asali.